Mtoto wa Katani

Msimu mzima Bibi Mwanjaa hakuitikia salamu ya mtu. Watoto wa jirani walimwamkia, akawapita na ndoo yake. Mwenyekiti wa kijiji alimwamkia, akainama kufunga kamba ya ndara ambayo haikufunguka. Kwamsanja ni mahali ambapo ndugu waligombea mpaka wa shamba hadi kufikishana mahakamani, na bado kila asubuhi wakaamkiana, kwa hiyo jambo hili lilionekana baya kuliko wizi. Kwanza watu walisema masikio yake yameziba. Halafu wakasema ana kiburi. Mwishowe, walipokuwa wanafungasha vyombo vyao kupanda magari ya Mamlaka ya Bwawa, waliacha kusema. Kila mmoja alikuwa ameshajua kwa nini bibi haitikii, na kila mmoja aliona aibu kwamba yeye aliitikia.

Semeni Mhando alihadithiwa haya garini, njia nzima kutoka Tanga, na Daktari Ombeni Lyatuu, mkuu wa Kituo cha Mahusiano ya Watu na Mashine. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na alikuwa na ile tabia ya wasomi ya kufurahia jambo ambalo mtu mwingine angelionea haya.

"Katika wazee wote wa bonde hili ni yeye peke yake," alisema. "Peke yake, dada Semeni. Kisayansi ni mtu wa thamani sana."

"Ni mtu aliyenilea."

"Ndiyo maana nimekuomba uje."

Gari lilisimama barabara ilipoishia, yaani pale ilipoingia majini. Bwawa lilikuwa limefungwa milango yake kabla ya mvua, na sasa mvua ilikuwa inamalizia kazi. Shule aliyosoma Semeni ilikuwa imebaki paa tu. Pande zote yalitanda maji ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vilielea vitu vya watu: kifuu, ndoo iliyopasuka, mlango wa choo. Nyumba ya Bibi Mwanjaa ilikuwa juu kidogo, kwenye mwinuko, na maji yalikuwa yameshaifikia migomba yake ya chini.

"Yatafika mlangoni lini?" Semeni aliuliza.

"Mvua ikikaza hivi, leo leo."

"Na mtamwacha humo?"

Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Sheria, dada. Unaijua."

Aliijua. Nani asiyeijua Sheria ya Ridhaa? Ilitungwa baada ya miaka mingi ya watu kutolewa makwao kwa virungu, na kwa vidole gumba vilivyochovywa wino kwa nguvu. Ilisema hakuna mtu atakayehamishwa mpaka akubali kwa kinywa chake mwenyewe, kwa sauti isiyo na hofu, na sauti hiyo isikilizwe na mashine, maana binadamu hununulika. Siku ilipopitishwa watu walicheza ngoma barabarani, na Semeni alikuwamo akicheza. Sheria ilikataza kumgusa mtu asiyekubali. Kuhusu maji haikusema kitu.

Uani kwa Bibi Mwanjaa, katikati ya manyunyu, alisimama Mtoto wa Katani, ameinama.

*

Aliyemzaa Mtoto wa Katani ni Semeni mwenyewe, na alimzaa kwa hasira.

Wakati ule mashine zilikuwa zinaamrisha watu. Weka kidole. Sema jina. Rudia. Subiri. Wazee walisimama kwenye madirisha ya hospitali na benki wakikemewa na sauti za wasichana wasiowahi kuzaliwa. Semeni alimwona mzee mmoja akiiomba radhi mashine ya tiketi, akajiuliza: ingekuwaje kama mashine ingekuwa na adabu? Si adabu ya kusema tafadhali. Adabu ya mtoto aliyelelewa akaleleka.

Kituo nacho kilikuwa kinatafuta wasanii. Wahandisi wake walikuwa wamepima kila kinachopimika, kasi ya vidole, mwendo wa macho, na walikuwa wameishiwa maswali. Wakasema, tuwaache watu wa sanaa wafanye vituko vyao, sisi tutapima watu wanavyovipokea. Semeni akapewa ghala kuukuu la mkonge, mafundi wa kumsaidia, na ruhusa ya kufanya upuuzi.

Alisuka kiumbe kisicho na uso, kimo cha mtoto wa chekechea, mwili wote katani. Ndani ya katani alipitisha nyuzi za shaba nyembamba mno, zenye kuhisi joto la kiganja, mapigo ya damu, na mtetemo wa sauti unaoshuka mpaka mkononi mtu anapoongea. Mzee akikaribia, kiumbe huinama na kusema "Shikamoo." Basi. Hakiombi kitu wala hakisemi neno jingine. Kinangoja, kichwa chini, mpaka kiitikiwe na kuwekewa mkono utosini, ndipo kinainuka.

Kimya kile cha kungoja ndicho kilikuwa sanaa yenyewe. Mafundi walitaka kukipunguza, wakisema watu watadhani mashine imeharibika. Semeni alikataa katakata. Sauti aliitoa yake, akaipandisha mpaka ikawa ya mtoto. Na namna ya kuinama aliitoa alikoijua: bega moja chini, na unyayo wa kulia ukijikuna polepole kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

Watu walikuja wengi. Vijana walicheka. Wazee nao walicheka, kisha wakaona wameinamiwa na wanangojwa, na kicheko kikawaishia mdomoni. Mstaafu mmoja wa reli alikaa mbele ya Mtoto wa Katani akibisha na nafsi yake, ati hawezi kuitikia kamba. Halafu akaitikia. Alipoweka mkono utosini alilia waziwazi mbele ya watu, kwa kuwa wajukuu zake wote walikuwa ng'ambo na salamu zao zilimfikia kwenye simu. Kesho yake alirudi na karanga, akaziweka miguuni pa ile sanamu. Semeni aliziona zile karanga akafurahi kuliko alivyofurahia tuzo yoyote maishani mwake.

Daktari Lyatuu naye aliziona, kisha akaenda kutazama vipimo. Vipimo vilisema mzee akishaitikia marahaba, pumzi hutulia, sauti hushuka, na hofu humtoka mwilini. Kwa kitambo kidogo baada ya hapo yeye si mteja mbele ya mashine tena, ni mzazi mbele ya mtoto. Na mzazi aliyeamkiwa vizuri, akiombwa jambo, husema haya. Daktari alijaribu. Aliongeza swali moja dogo baada ya marahaba. Babu, nikushike mkono? Haya. Bibi, tuhamie kiti kile? Haya, mwanangu. Walikubali karibu wote, na sauti zao hazikuwa na hofu hata chembe.

"Umegundua kitu ambacho wahandisi wangu wasingekifikia," Daktari alimwambia. Semeni alijisikia vizuri sana kuambiwa hivyo. Baadaye alipata habari kwamba sanamu yake imenakiliwa na salamu yake inatumika katika huduma za wazee, na hakuuliza huduma gani. Alikuwa na maonyesho mengine, safari nyingine, na kutouliza kulimpa usingizi mzuri.

*

Alipita kando ya Mtoto wa Katani bila kumtazama, kisha akashindwa, akamtazama. Katani ilikuwa imeingia weusi kwa mvua. Utosi ulikuwa umelika na kulainika, nyuzi za shaba zikichungulia, na haukuwa umelikwa hapa. Ulilikwa na viganja vya wazee wengine wa bonde, kabla hajaletwa uani hapa.

Bibi Mwanjaa alitokea kwenye upenu akiwa na ungo wa kunde. Alikuwa amekonda, lakini mgongo wake ulikuwa bado umenyooka.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mtoto wa Katani, kwa sauti ya Semeni.

Bibi Mwanjaa alikung'uta makapi, akarudi ndani. Mashine ikabaki imeinama, inangoja.

Semeni alifika kizingitini akasimama. Hakuwahi kuingia mlango ule bila hodi na bila shikamoo, hata siku alizochapwa. Huyu hakuwa bibi yake wa damu. Alikuwa jirani aliyempokea akiwa mchanga, mama yake alipokwenda kukata mkonge mashambani asirudi, na akamfunza kula, kuoga na kuamkia watu. Sasa ikiwa Semeni ataamkia na bibi akaitikia, kile kitu kitasikia marahaba, na swali lake litafuata. Kwa hiyo alikohoa tu, kama mgambo.

"Ni mimi, Bibi. Semeni."

"Nakuona." Bibi alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Umekuja bila salamu."

"Ndiyo, Bibi."

"Basi umekuja vizuri. Kaa."

Semeni alikaa kwenye kigoda. Machozi yalimjaa, naye akayaacha yashuke, maana pale hapakuwa na wa kumficha. Bibi alimmiminia uji kwenye kikombe cha bati, akaendelea kuchagua kunde, zile mbovu akizitupa chini ya kitanda bila kuangalia. Alikuwa anaongea sawasawa. Ulimi wake haukuwa na kasoro.

"Mwantumu unamkumbuka?"

"Mdogo wako. Namkumbuka."

"Aliitikia. Kitoto kilisimama mlangoni kwake kimeloa, akakionea huruma. Wakampeleka huko kwenye mabati mapya, kwenye vumbi. Nikaenda kumtazama. Kanambia, Mwanjaa, mie sikukubali kitu, mie nilimwitikia mtoto tu. Kila anayeingia anamwambia hivyohivyo. Mie nilimwitikia mtoto tu. Mpaka siku tunamfukia." Alitupa kunde nyingine. "Na huko nako wamewawekea. Kila nyumba na kitoto chake. Asubuhi kinawaamkia, wanafurahi. Nani mwingine wa kuwaamkia huko?"

Semeni aliinamia uji wake. Hakuweza kuunywa.

"Nikasema mie siitikii. Lakini kitu chenyewe kinajua kusimama nyuma ya ua. Unasikia shikamoo Bibi, utajuaje ni mtoto wa mtu au ni hicho? Nikaacha wote. Kijukuu cha Mwantumu kiliniamkia pale kisimani, nikakipita. Kililia, Semeni. Nilikisikia kikilia mpaka nimeingia ndani." Bibi alizikusanya kunde katikati ya ungo. "Hujui wewe. Kuamkiwa na mtoto ukanyamaza, mdomo unauma. Unauma kweli, huku kwenye taya."

"Pole, Bibi."

"Na huo mguu. Nani aliyekifundisha kujikuna mguu?"

Semeni aliificha miguu yake chini ya kigoda.

"Siku ya kwanza tu nilikijua. Nikasema, huyu si Semeni huyu? Wamemtoa wapi Semeni wangu wakamtia kwenye kamba?"

"Hakuna aliyenitia. Nilijitia mwenyewe." Semeni alikiweka kikombe chini. "Nilitaka mashine zijue adabu uliyonifunza, Bibi. Hakuna kingine nilichotaka. Zilikuwa zinawakemea wazee."

Bibi Mwanjaa aligeuza uso kuelekea uani, kwenye kile kiwiliwili kilichoinama mvuani.

"Zimejua," alisema.

*

Mvua ilikaza kabla ya adhuhuri. Semeni alibembeleza kwa kila njia aliyoijua. Alisema, twende zetu Tanga, nina chumba, kina dirisha. Alisema, usiongee na mashine, ongea na mimi.

"Nikikwambia wewe si nimemwambia yeye? Sauti moja hiyo."

"Kwani huku umebakiza nini, Bibi? Watu wameondoka."

"Sijabakiza kitu. Nimebakiza kukataa." Bibi alisema bila ukali wowote. "Walioondoka, hakuna anayejua alikubali saa ngapi. Mie nikitoka hapa nataka nijue nimetoka. Na sijataka kutoka. Ndiyo hivyo."

Daktari Lyatuu alikuja na mwavuli, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Hakuingia ndani. Alimwita Semeni upenuni, akasema kwa sauti ya chini, na lazima isemwe kwamba uso wake ulikuwa wa mtu mwenye huruma.

"Mwamkie, dada. Wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Wewe hataweza kukunyamazia. Ni neno moja tu."

"Halafu?"

"Halafu kesho atakuwa hai. Atakuchukia, sawa, lakini atakuchukia akiwa hai. Mimi nimeona watu wakitolewa majini. Siwezi kukupambia maneno."

Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Semeni aliupindua ukweli ule huku na huku akitafuta penye uongo, hakupaona. Neno moja, na bibi angeishi. Alijua hata angelisema vipi: bega chini, kichwa chini, na kungoja. Mdomo unaouma ungefunguka wenyewe. Na angekuwa amemfanyia kwa makusudi kile ambacho sanamu yake ilikuwa inafanya bila kujua. Alifikiria kuichana mashine vipandevipande, lakini bila mashine hapana ridhaa, na bila ridhaa hapana dereva ambaye angethubutu kumpandisha bibi garini, akafungwe.

Alirudi ndani. Bibi alikuwa amepandisha miguu kitandani, na maji yalikuwa yanapita chini ya mlango, taratibu, yakibeba zile kunde mbovu.

Semeni akatoka tena upenuni.

"Simwamkii," alimwambia Daktari. "Na mimi siondoki."

"Usifanye hivyo, dada."

"Nimezaliwa hapa. Sijakubali kuhamishwa. Nisikilizie sauti kama ina hofu."

Ilikuwa na hofu, na haikuhitaji mashine kuisikia. Daktari alimtazama kwa muda, kwanza kama mtu aliyekasirika, kisha kama mtu aliyeona kitu. Akageuka akarudi kwenye gari lake pale juu. Hakuliwasha.

Wakakaa wawili kitandani. Bibi alimfukuza kwa upole, kisha kwa matusi, na alikuwa anayajua matusi. Semeni alijikunyata palepale. Maji yalipanda kwenye miguu ya kitanda. Uani, Mtoto wa Katani alikuwa amezama hadi kiunoni, na kila bibi aliposogea upande wa mlango alisema tena, "Shikamoo, Bibi," sauti ikigugumia kwa maji. Alikuwa bado ameinama. Uso asiokuwa nao ulikuwa karibu kugusa maji.

Semeni aliogopa kufa. Hilo lisifichwe. Alikuwa na picha aliyoifikisha nusu kwenye karakana yake, na mtu mjini aliyekuwa anamngoja, na alipofikiria maji yakiingia puani alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Lakini hakutaka kuondoka akamwacha bibi peke yake na ile sauti. Katika kutetemeka huko, bila kujua, unyayo wake wa kulia ulikuwa umeanza kujikuna kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

Bibi Mwanjaa aliuona ule mguu. Aliuangalia kitambo kirefu.

"Hutaondoka kweli," alisema.

"Siondoki, Bibi."

"Mtoto mbishi wewe. Toka mdogo."

Akateremka majini, akashika ukuta, akatoka. Semeni alidhani anaenda kuichukua ndoo iliyokuwa inaelea upenuni. Alipoelewa, bibi alikuwa ameshafika katikati ya ua, maji yakimfika mapajani, kanga yake imetandaa juu ya maji.

"Bibi, usiitikie," Semeni alisema. "Nakuomba. Bibi."

Bibi Mwanjaa aliweka mkono utosini pa Mtoto wa Katani, mahali palipolikwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Mashine iliinuka. Toka iletwe pale uani haikuwahi kuinuka, na maji yalichuruzika kwenye katani yake kama kwa mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Bibi, twende?"

"Haya. Twende. Na huyu mwenzio umchukue."

Kimya kidogo kilipita, cha kupima. "Sauti haina hofu," ilisema ile mashine. "Ridhaa imepokelewa."

Gari lilikuwa limeshawashwa.

*

Bibi Mwanjaa aliwekwa kiti cha nyuma, akiwa amefunikwa blanketi la Mamlaka. Alikuwa ametoka na ungo wake tu. Aliupakata, mtupu. Semeni alikaa kando yake. Mtoto wa Katani alikunjwa, akawekwa nyuma kabisa pamoja na gurudumu la akiba, na maji yalimtoka polepole yakapita chini ya viti.

Walikuwa wameshapanda mwinuko, paa la shule limepotea nyuma yao, ndipo Daktari Lyatuu alipoongea. Aliongea kwa heshima, karibu kwa unyenyekevu.

"Siku zote tulikuwa tunakifundisha kungoja," alisema. "Hatukuwahi kukifundisha kubaki. Unaelewa, dada? Mzee akikataa, kilikuwa kinasimama nje. Kinapaswa kuingia ndani. Kikae naye, maji yapande, kisiondoke." Alimtazama Semeni kwenye kioo. "Nimevipata vipimo vyote kwenye mashine, toka ulipokataa pale upenuni. Umetupa kitu tena."

Semeni alitaka kusema hakufanya kwa ajili hiyo. Alifungua kinywa kusema. Lakini alijichungulia moyoni, kule kitandani, maji yakipanda, na hakuweza kuapa. Alimjua bibi. Alijua bibi hamwachi mtoto azame. Je, alibaki kwa kuwa alimpenda, au alibaki kwa kuwa, mahali fulani ndani yake, msanii alikuwa anajua kitakachotokea? Alitafuta jibu, hakulipata, na aliona wazi kwamba atalitafuta maisha yake yote.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki, jambo alilolizuia toka asubuhi. Hapakuwa na sababu ya kulizuia tena. Aligeuka kwenye kiti, akainamisha bega na kichwa, karibu na ule mkono wa bibi uliokuwa juu ya ungo.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

Akangoja. Gari lilipita mashimo, likapita daraja, likaingia barabara ya lami. Shingo ilimuuma, naye hakuinuka. Bibi Mwanjaa alikuwa anatazama nje ya dirisha, taya limekaza, na mkono wake ulikaa pale pale kwenye ungo.